Ela Bhatt wa India: mama anayebeba mizigo naye ni mfanyakazi

Kila mwaka, tarehe 8 ya mwezi wa tatu ikikaribia, maneno "usawa wa wanaume na wanawake kazini" yanarudi kwenye radio zetu. Tunaongea juu ya wanawake wangapi ni wadirekta, wangapi wako katika serikali, nani analipwa sawa na mwenzake mwanaume katika biro ileile. Ni mambo ya maana, hatukatai. Lakini wakati uleule, chini ya dirisha la studio, mama mumoja anapita na gunia la mihogo mugongoni, kamba imemukaza kwenye paji la uso. Yeye hana biro, hana karatasi ya mshahara, hana patroni anayejulikana. Katika ile hesabu ya usawa, yeye anaandikwa wapi?

Kuna mwanamke wa India aliyetumia karibu maisha yake yote kwa hili swali. Jina lake Ela Bhatt. Alikuwa avoka, mwandishi wa vitabu, na mwanzilishi wa sendika ya wanawake maskini ambayo leo ina wanachama zaidi ya milioni mbili. Watu wengi kwao walimuita Elaben. Katika lugha ya Kigujarati, "ben" ni dada.

Alizaliwa tarehe 7 Septemba 1933 katika muji wa Ahmedabad, magharibi mwa India. Baba yake alikuwa avoka, mama yake alikuwa mutu wa kutetea haki za wanawake. Naye akasoma sheria, akamaliza mwaka wa 1954, na mwaka uliofuata akaanza kutumika katika biro ya sheria ya sendika kubwa ya wafanyakazi wa viwanda vya vitambaa. Sendika ile haikuwa ndogo: Anasuya Sarabhai pamoja na Mahatma Gandhi ndio walioianzisha mwaka wa 1920. Ililinda vizuri mutu aliyekuwa ndani ya kiwanda. Kwa yule aliyekuwa inje ya geti, hakukuwa kitu.

Mwaka wa 1968 Bhatt akapewa kuongoza tawi la wanawake la ile sendika. Tawi lenyewe lilikuwa la kufundisha mabibi na mabinti wa wafanyakazi kushona, kufuma, kupiga mashini. Yaani mwanamke alihesabiwa kuwa bibi ya mfanyakazi. Kwamba yeye mwenyewe anatumika, hilo halikuwa katika mawazo ya wakubwa.

Maneno ya wafanyabiashara yakageuzwa karte

Mwaka wa 1971, kikundi cha wanawake waliotoka vijijini wakakuja kwenye sendika kuomba musaada. Walikuwa wakisukuma mikokoteni katika soko kubwa la vitambaa na walilala barabarani, hawakuwa na nyumba. Bhatt akaenda kuona kwa macho yake. Huko akakutana na wengine, wale wa kubeba mizigo ya vitambaa kichwani, kutoka depo mpaka kwenye maduka. Akaketi nao kwenye ngazi za madepo wakingojea kazi, wakamuelezea: wanalipwa kwa safari, iwe mbali ama karibu, muzigo uwe mwepesi ama muzito. Na kwa kuwa hakuna mutu anayeandika ni safari ngapi, mara nyingi hata ile kidogo hawaipati yote.

Akaandika yote katika gazeti la pale muji. Wafanyabiashara wakakasirika, nao wakajibu katika gazeti kwamba ni uongo, wao wanawalipa wale wanawake vizuri.

Hapa ndipo mimi ninamupenda zaidi huyu mama. Wengine tungeanza kubishana: barua juu ya barua, mukutano juu ya mukutano. Yeye na wenzake wakachukua maneno ya wafanyabiashara wenyewe, wakayachapisha kwenye karte ndogo, wakawagawia wabebaji. Sasa mwanamke akilipwa kidogo, anatoa karte: hii ndiyo bei mulitangaza ninyi wenyewe.

Habari ikatembea sokoni. Wanawake wa kuuza nguo kuukuu wakakuja nao na malalamiko yao. Mukutano ukafanywa katika bustani ya watu wote, wakafika zaidi ya mia moja, na ni mwanamke mumoja kutoka katikati yao aliyesema: tuunde shirika letu wenyewe. Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili 1971. Shirika likaitwa SEWA. Ni herufi za kwanza za jina lake la Kiingereza, maana yake shirika la wanawake wanaojitumikisha wenyewe, lakini katika lugha nyingi za India neno hilo pia ni "utumishi".

Ukiangalia lile jina utaona kitu. Serikali ilikuwa inawaita hawa watu kwa maneno ya ukosefu: wasio na mpango, wasio rasmi. Bhatt hakutaka kumuita mutu kwa kile asichokuwa nacho. Sisi tunaoishi kwa Artikle 15 tunaweza kuelewa haraka: mama anayejitafutia hakukosa kazi, kazi anayo kuanzia saa kumi ya usiku.

Biro ya kazi ikakataa kuandikisha SEWA kama sendika. Sababu yao: sendika ni ya kupambana na patroni, na hawa hawana patroni, sasa watamudai nani? Bhatt akajibu kwamba sendika si lazima iwe ya kupiga mutu vita. Ni ya kuunganisha wafanyakazi. Mabishano yakachukua miezi, lakini mwezi wa ine 1972 SEWA ikaandikishwa.

Banki ya wanawake wasiojua kuandika

Shida kubwa ya wale wanawake, zaidi ya polisi na zaidi ya mvua, ilikuwa deni. Muuzaji wa mboga alikopa asubuhi, akanunua, akauza, jioni akarudisha na faida kubwa juu yake, kesho vilevile. Mwenye mukokoteni aliulipia kodi kila siku kwa miaka, na mukokoteni haukuwa wake hata siku moja. Hapa kwetu tunamujua mukopeshaji wa namna hii kwa jina la Banki Lambert, na kila mama wa soko anajua uchungu wake.

SEWA ikajaribu kwanza kuwapeleka kwenye mabanki ya serikali. Haikutembea vizuri. Wafanyakazi wa banki hawakuzoea kupokea mutu mwenye nguo chafu na watoto wanaolia, na masaa ya banki yalikuwa ndiyo masaa ya soko. Basi wanawake wakauliza kwa nini wasiwe na banki yao. Bhatt mwenyewe alifikiri haiwezekani, kwa sababu hawakuwa na kitu. Muuza nguo kuukuu mumoja akasema kwamba ni kweli wao ni maskini, lakini wako wengi. Hilo neno Bhatt hakulisahau. Miaka zaidi ya makumi tatu baadaye, mwaka wa 2006, alipotoa kitabu kinachoelezea historia ya SEWA, ndilo alilolifanya jina la kitabu.

Wanawake 4,000 walitoa rupia 10 kila mumoja, na mwaka wa 1974 banki ya ushirika ya SEWA ikafunguliwa. Lakini mbele ya hapo, mwandikishaji wa mashirika alisema atakataa, kwani watu wasioweza kutia saini hawawezi kuanzisha banki. Wanawake kumi na tano wenye kuanzisha wakakaa usiku kucha nyumbani kwa Bhatt wakijifunza kuandika majina yao. Kesho yake wakaenda wakatia saini bila kukosea. Kwa wateja wengine, banki ikatumia picha: kila mwanamke na picha yake, ili kalani amutambue kwa sura pahali pa saini.

Sisi tuna likelemba, tuna AVEC katika vijiji na kartie, kwa hiyo wazo la kuchanga si geni. Kinachotofautisha banki ya SEWA ni kwamba iliandikishwa kisheria, wanachama ndio wenye hisa, na feza ilikuwa kwa jina la mwanamke. Bwana hangeweza kuja kuitoa.

Kufukuzwa

Historia haikukwenda tu kwa furaha. Mwaka wa 1981 vurugu zilizuka Gujarat juu ya viti vilivyowekwa katika masomo ya udaktari kwa vijana wa Dalit, wale waliodharauliwa tangu zamani kama tabaka la chini kabisa. Sendika kubwa ikachagua kunyamaza. Bhatt akasema waziwazi kwamba vile viti ni haki yao. Wanachama wengi wa SEWA walikuwa wa yale matabaka. Mwezi wa tano sendika ikaifukuza SEWA, mama akamufukuza mutoto. Wengi walifikiri ni mwisho, lakini SEWA ikaendelea kukua kuliko ile iliyoizaa.

Baadaye Bhatt aliingia katika bunge la juu la India, na akaongoza tume iliyozunguka inchi kuandika hali ya wanawake wanaojitumikisha. Ripoti ilitoka mwaka wa 1988. Mwaka wa 1996, shirika la kimataifa la kazi, OIT, lilipitisha mapatano nambari 177 juu ya watu wanaotumikia nyumbani: washonaji, wafungaji wa sigara za bidi, wafumaji. SEWA ilikuwa kati ya waliosukuma sana. Lakini India yenyewe haijaidhinisha yale mapatano. Mwaka wa 2002, huko Durban, Afrika ya Kusini, StreetNet ilizaliwa, muungano wa mashirika ya wauzaji wa barabarani wa inchi mbalimbali, na SEWA ilikuwa kati ya waanzilishi.

Kwa wauzaji wa mboga wa soko la Manek Chowk, pale Ahmedabad, SEWA ilifika mpaka Tribinali Kuu ya India, sababu polisi walikuwa wakiwapiga, kuwatoza amande na kuwafukuza. Sheria ya inchi yote ilikuja tu mwaka wa 2014. Inasema muji usifukuze muuzaji mbele ya kuandika hesabu ya wauzaji wote, na lazima apewe taarifa siku 30 mbele. Inaomba pia kila muji uwe na kamati ya soko la barabarani, ambamo wauzaji wenyewe wanachukua asilimia 40 ya viti, na theluthi ya hivyo viti ni ya wanawake. Kuna miji inayochelewa kuifuata, na mashirika ya wauzaji yanaendelea kwenda mbele ya tribinali.

Ela Bhatt alikufa Ahmedabad tarehe 2 Novemba 2022, akiwa na miaka 89. Banki ya SEWA ingali inafungua milango kila siku ya kazi.