Kangaga la Drymen na jani lake lililokaushwa

Mwaka 1861 James Cosh aliona kangaga la ajabu karibu na Drymen, Uskoti. Kila kijani cha pembeni kilikuwa na panda mbili tangu kwenye kikonyo, na panda za kushoto zilipokutana na za kulia zilifanya mfululizo wa herufi X. Liliitwa 'Victoriae', kwa heshima ya Malkia Victoria.

Waingereza wa enzi hizo walikuwa na wazimu wa makangaga. Waliyang'oa porini, wakayatunza katika makasha ya kioo yaliyobuniwa na daktari wa London, Nathaniel Ward, na kukausha majani wakayabandika kwenye karatasi. Karatasi hizo ndizo tunazozihitaji leo.

Kangaga halitoi ua wala mbegu. Mgongoni mwa jani kuna spora, laini kama vumbi. Ikiota, spora hutoa kwanza kijimea bapa, na humo ndimo chembe ya kiume huogelea kwenye unyevu kulifikia yai. Sifa za kurithi huchanganyika upya, hivyo wana huweza kutofautiana kabisa na mzazi. Ili kupata 'Victoriae' yenyewe, sharti ugawe shina la mmea wa asili. Watunza bustani wengi waliotesha spora, wakauza vitukuu kwa jina lilelile. Ukinunua 'Victoriae' leo, jani la zamani lenye jina na tarehe ndilo litakalokuonyesha kama umepata lenyewe.

Lakini lazima liwe limeandaliwa vizuri: sehemu moja imegeuzwa ili mafungu ya spora yaonekane, magamba ya shina yapo, na lebo inataja bustani, mwaka na mmea ulikotoka. Hapo ndipo tulipopata hasara. Wataalamu wengi wa hebaria, yaani hifadhi za mimea iliyokaushwa, walithamini mimea ya porini, wakayaona makangaga ya bustani kuwa vioja visivyostahili kabati. Kwa maoni yangu dharau hiyo ilikuwa kosa kubwa, maana aina ya bustani hupotea upesi kuliko ya msituni.

Mfano ni kangaga la Boston, linaloning'inia kwenye vibaraza vingi duniani, lililotambuliwa mwaka 1894 ndani ya shehena iliyotoka Philadelphia. Ndani ya miongo michache lilizaa aina nyingi mpya, na R. C. Benedict wa Brooklyn akajitahidi kuzikusanya na kuzieleza. Nyingi haziuzwi tena. Anayetaka kuzilinganisha aende hebaria, na avae glavu: karatasi nyingi za kale zilipakwa sumu ya zebaki kuzuia wadudu.