Jina Lililo Ukingoni mwa Nishani

Baharia wa zamani akifa, mara nyingi huacha kisanduku chenye nishani ambazo wajukuu hawajui zilitolewa kwa sababu gani. Sisi tunaona kwamba jambo hili si la majemadari peke yao. Nishani ya baharia wa kawaida ni hati ya kazi yake, na asiyejua kuisoma humpoteza mwenyewe.

Kwanza hatuna budi kutenganisha nishani za vita na nishani za ushujaa. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, Uingereza iliwapa mamilioni Nishani ya Vita na Nishani ya Ushindi. Hizo zathibitisha kwamba mtu alitumika tu. Nishani ya ushujaa ni nyingine. Mwezi Oktoba 1914 ilianzishwa ile iitwayo Distinguished Service Medal, au DSM, kwa ajili ya mabaharia wasio maofisa. Ni ya fedha, ya mviringo, ina kichwa cha mfalme upande mmoja; utepe wake ni wa buluu iliyokoza, wenye mistari miwili myeupe katikati.

Hapa ndipo ubaguzi wa cheo ulipoonekana. Ofisa na baharia waliweza kusimama kwenye mzinga mmoja, chini ya moto mmoja. Lakini ofisa alipewa msalaba, na baharia alipewa nishani. Mpango huo ulidumu mpaka mwaka 1993, Uingereza ilipoukomesha. Hata hivyo, msalaba wa ofisa ulitolewa bila jina, na nishani ya baharia ilipigwa chapa ukingoni: jina lake, namba yake na cheo chake, na katika zile za Vita Kuu ya kwanza mara nyingi manowari yake pia.

Basi mtafutaji na aanzie ukingoni, wala asiusugue, maana herufi hufutika. Akishapata jina na namba, atafute tangazo katika London Gazette, gazeti rasmi la Serikali ya Uingereza, kisha kumbukumbu za utumishi zilizohifadhiwa Kew, London.

Njia hiyo yaweza kumfikisha mjukuu wa Kiingereza hata Ziwa Tanganyika. Huko, tarehe 26 Desemba 1915, maboti mawili madogo, Mimi na Toutou, yaliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Na tarehe 9 Februari 1916 Waingereza wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Baadhi ya mabaharia wao walipata DSM. Lakini maboti yale yalivuka milima ya Kongo kwa barabara iliyokatwa na vibarua Waafrika, ambao wengi wao hata majina hayajulikani.

Hilo na litufunze. Vijana wa mwambao wetu nao walitumika baharini, katika kikosi kilichoanzishwa Kenya mwaka 1933. Na nyota za Vita Kuu ya pili Uingereza ilizitoa bila majina. Mwenye nyota ya babu yake leo, aandike karatasini jina la mzee, chombo alichopanda na mwaka wake, aiweke pamoja nayo. Nyota isiyo na jina, kizazi kijacho kitaiona kipande cha chuma tu.