Ombi Lipi Lisomwe na Mtu?

Mwaka 2000 Charles Best, mwalimu wa sekondari ya umma huko Bronx, New York, alianzisha DonorsChoose, mtandao ambako mwalimu anaeleza anachohitaji darasani na mtu yeyote anaweza kumchangia. Fedha hazipiti mkononi mwa mwalimu: akiomba darubini, inanunuliwa darubini na kupelekwa shuleni. Utaratibu huo unapunguza wasiwasi mwingi wa watoa ruzuku, ila bado kila ombi ilibidi mtu alisome kwanza na kuamua lipite au lisipite.

Kazi hiyo ilikuwa ya watu wa kujitolea. Kufikia 2018 mtandao ulitarajia kupokea karibu maombi 500,000 kwa mwaka uliofuata, mzigo ambao wasomaji hao wasingeumudu. Basi DonorsChoose wakaweka hadharani maombi ya nyuma zaidi ya 180,000, pamoja na uamuzi uliotolewa kwa kila moja, wakawaalika wataalamu wa takwimu, kupitia mashindano kwenye tovuti ya Kaggle, watengeneze programu ya kutabiri lipi litapita.

Hapo ndipo penye mtego. Katika maombi hayo, takriban 85 kati ya kila 100 yalikuwa yamekubaliwa. Programu inayosema "lipite" kwa kila ombi, bila kusoma hata neno moja, ingepatia mara 85 kati ya 100, na isingekuwa na faida yoyote. Kwa hiyo washindani walipimwa kwa njia nyingine. Chukua ombi moja lililokubaliwa na jingine lililokataliwa, yote kwa bahati nasibu; je, ni mara ngapi programu inalipa lile lililokubaliwa alama kubwa zaidi? Anayebahatisha tu atapata nusu. Asiyekosea kabisa atapata moja kamili.

Kipimo hicho ni kizuri, lakini kinapima jinsi programu inavyoiga maamuzi ya jana. Kama wasomaji wa jana walivutiwa na insha tamu, nayo itavutiwa. Miongoni mwa taarifa zilizotolewa ilikuwamo idadi ya maombi ambayo mwalimu aliwahi kuweka, na walimu wazoefu walikubaliwa mara nyingi zaidi. Si ajabu, kuandika ombi ni ujuzi unaokua kwa kurudiarudia. Ila darasa la mwalimu aliyeajiriwa mwaka huu linaweza kuwa na shida kubwa kuliko la jirani yake mzoefu, na mashine iliyojifunza kupenda uzoefu itamsukuma nyuma bila kinyongo chochote.

Msomaji makini anatazama kwingine. Tangu Mei 2016 mwalimu aliandika insha mbili, moja kuhusu wanafunzi wake, nyingine kuhusu vifaa vitakavyobadilisha masomo yao. Pamoja nazo kulikuwa na orodha: kifaa, idadi, bei. Mimi ningeanza na orodha. Tuseme imeombwa tableti 5, na insha inasema kila mtoto atasoma kwa kasi yake. Darasa lina watoto 28. Watapokezana vipi? Mwalimu aliyeandika kwamba kila kundi litakaa na tableti dakika 20 huku wengine wakisoma vitabu, amekwisha kufundisha somo hilo kichwani. Aliyejaza maneno ya "karne ya 21" bado hajafika huko, ingawa Kiingereza chake kinaweza kuwa kizuri zaidi.

DonorsChoose wenyewe walitaka pia kujua namna ya kufanya maamuzi ya wasomaji mbalimbali yafanane, na namna ya kuelekeza muda wao kwenye maombi yanayohitaji msaada zaidi. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani, kwa maoni yangu. Ombi lililonyooka programu ilipitishe, na mtu alitupie jicho kwa sampuli tu. Lenye alama ya chini lisikataliwe na mashine. Liende kwa msomaji mwenye nafasi ya kumwandikia mwalimu: orodha yako haijataja chaja, na bei ya kapeti imeandikwa mara mbili.