Je, Wajua? Robo ya ndege haikufanyi rubani

Ndege ndogo zinazopita juu ya Kitengela asubuhi huenda zimetoka Orly Airpark, uwanja wa binafsi ulioko Kajiado. Marafiki wanne wanaweza kununua ndege moja, wakagawana mafuta, bima na fundi. Leseni haigawanyiki. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), rubani binafsi lazima awe ametimiza miaka 17 na saa 40 hewani, au 35 akipitia kozi iliyoidhinishwa. Saa 10 kati ya hizo huruka peke yake, mwalimu akibaki chini (na roho mkononi, bila shaka), ikiwemo safari moja ya kilomita 270 yenye kutua viwanja viwili tofauti.

Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Jua la saa nane likiwaka, hewa huwa nyepesi, injini hupungua nguvu, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili ipae. Mwanafunzi hupiga hesabu hiyo kabla ya kuwasha injini.

Marekani, ambako kampuni huuza hisa za ndege, kanuni za 2003 zinataka marubani wa ndege hizo wapimwe upya kila mwaka, hata wenye maelfu ya saa.