Mashine ya kupiga misumari kwa baruti: ni chombo cha kazi au ni bunduki?



Familia nyingi za Kivu na Ituri zilizokimbia vita zina ndugu waliopokelewa Marekani kama wakimbizi. Wengi wao wanaishi kwa kazi za mikono, na ujenzi ni mojawapo ya kazi hizo. Tuchukue mfano wa kijana aliyehukumiwa kifungo huko, kisha akaachiliwa kabla ya muda wake kwa masharti, yaani kwa parole. Amepata kazi ya ujenzi. Siku ya kwanza mkubwa wa kazi anampa mashine inayopiga misumari kwenye zege kwa nguvu ya baruti. Karatasi yake ya masharti inamkataza kuwa na bunduki. Je, akiishika mashine hiyo, amevunja masharti?

Akikosea, anaweza kurudishwa gerezani, na pesa aliyokuwa akiwatumia wazee na watoto kambini itakatika. Ndiyo maana tunalieleza jambo hili.

Mashine hii inafanyaje kazi?

Fundi anaweka msumari, kisha kifuko kidogo cha baruti kinachofanana na risasi ndogo isiyo na kichwa. Rangi ya kifuko inaonyesha nguvu yake: kijani ni dhaifu kuliko manjano, na manjano ni dhaifu kuliko nyekundu. Anakandamiza mdomo wa mashine kwenye ukuta, kisha anavuta kifyatulio. Isipokandamizwa, haifyatuki. Katika mashine nyingi za leo, baruti inasukuma chuma kilicho ndani, na chuma hicho ndicho kinachopiga msumari. Katika zile za zamani zenye nguvu zaidi, moshi wa baruti unausukuma msumari wenyewe, kama bunduki inavyosukuma risasi.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 inaeleza bunduki kuwa ni silaha inayorusha kitu kwa nguvu ya mlipuko, au iliyoundwa kufanya hivyo, au inayoweza kugeuzwa kwa urahisi ifanye hivyo. Neno la kwanza hapo ni «silaha». Mashine ya misumari hutumia mlipuko, lakini imeundwa kwa ajili ya kujenga. Sheria ya jimbo la California inasema waziwazi zaidi: bunduki ni kifaa kilichoundwa kitumike kama silaha. Kanada nayo, katika makosa kadhaa ya kumiliki bunduki bila kibali, haihesabu vifaa vya kupiga misumari kwa baruti, mradi aliye nacho anakusudia kukitumia kwa kazi hiyo tu.

Hata Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo nchi yetu ilitia sahihi, inaanza na neno hilo hilo: silaha ya kubebeka yenye mtutu.

Basi kwa maneno ya sheria hizi, mashine ya misumari inayotumika kazini kwa kawaida si bunduki. Lakini mtu akiibadilisha ili irushe vitu hewani, hawezi tena kujitetea kwamba ni chombo cha kazi.

Masharti yanaweza kuwa mapana kuliko sheria

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu wa parole anafungwa na sheria na pia na karatasi yake. Huko California, masharti ya parole hayakatazi bunduki peke yake. Yanakataza pia kifaa chochote ambacho mtu mwenye busara angeamini kwamba kinaweza kutumika kama bunduki. Masharti hayo hayo yanaruhusu kisu cha kazi, kitumike na kubebwa kwa ajili ya kazi tu. Kwa hiyo kitu kisicho bunduki mbele ya sheria kinaweza kuleta matata mbele ya afisa wa parole. Tena, kumrudisha mtu gerezani kwa kuvunja masharti hakuhitaji ushahidi mzito kama ule wa kesi mpya ya jinai.

Parole ikiisha, katazo la bunduki halimaliziki lenyewe. Sheria ya nchi nzima inamkataza bunduki na risasi mtu aliyehukumiwa kwa kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifungo cha zaidi ya mwaka 1. Tangu mwaka 2022, adhabu ya kuvunja katazo hilo inaweza kufika miaka 15. Na kwa mkimbizi ambaye bado si raia, kuhukumiwa kwa kosa la bunduki kunaweza kumletea kufukuzwa nchini.

Afanye nini?

1. Asome karatasi yake ya masharti yote, kwa msaada wa mkalimani ikibidi.
2. Kabla ya kushika mashine, amwulize afisa anayemsimamia, na aombe jibu kwa maandishi. Jibu la mdomo husahaulika.
3. Amweleze mwajiri mapema. Kuna mashine za kupiga misumari kwa hewa au kwa umeme, zisizotumia baruti.
4. Akiruhusiwa, apate mafunzo kwanza. Kanuni za usalama kazini huko zinataka mashine hii itumiwe na aliyefundishwa tu.
5. Mashine na vifuko vya baruti vibaki mahali pa kazi. Kifuko kikikutwa mfukoni au nyumbani usiku, ni vigumu kueleza kwamba ni cha kazi.
6. Akikamatwa, aombe wakili kabla ya kujieleza.

Viongozi wa jamaa na wa makanisa, mara nyingi ninyi ndio mnaopigiwa simu kwanza. Msimjibu kijana, «Hicho ni chombo cha kazi tu, usiogope.» Wala msimwambie aache kazi. Mwulizeni kwanza: karatasi yako inasemaje, na afisa wako amekuandikia nini?