Kitunzwacho Ndicho Kidumucho

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Viongozi wapendapo kuzindua mitambo mipya, utepe ukakatwa na picha zikapigwa, ni nadra kumsikia anayeuliza: ni nani atakayeitunza baada ya wageni wa heshima kwenda zao? Jibu la swali hilo limo katika historia ya treni moja ya Japani.

Treni hiyo ya umeme ni aina ya 8500 ya Tokyu, kampuni ya binafsi ya reli. Ilianza kazi mwaka 1975 katika njia ya Den-en-toshi, iunganishayo Shibuya jijini Tokyo na vitongoji vya kusini-magharibi. Vingi vya vitongoji hivyo vilitokana na mpango aliouanzisha mwenyekiti wa kampuni, Keita Goto, mwaka 1953. Kampuni ilitandika reli, ikauza viwanja na kufungua maduka. Kwa hiyo abiria wa asubuhi ndiye aliyekuwa mnunuzi wa kiwanja na mteja wa duka. Kumtesa ndani ya behewa kulikuwa sawa na kuivuruga biashara yote.

Kwa sura treni hii haikuwa ya kujivunia. Uso wake ulikuwa bapa, umepambwa kwa mstari mwekundu tu. Sifa zake zilikuwa kwingine. Mabehewa yaliundwa kwa chuma kisichoshika kutu, hata hayakuhitaji kupakwa rangi. Kila ubavu ulikuwa na milango minne ili umati ushuke na kupanda upesi. Dereva aliposhika breki, mota ziligeuka kuwa jenereta na kuurudisha umeme kwenye nyaya ili utumiwe na treni nyingine. Hadi mwaka 1991 yalikuwa yameundwa mabehewa 400, na ya mwisho katika njia hiyo yalistaafu Januari 2023.

Je, siri ya umri huo wa karibu nusu karne ni chuma peke yake? La hasha! Kanuni za Japani zinataka sehemu muhimu za treni ya namna hiyo zikaguliwe kila baada ya miaka minne au kilomita 600,000, na kila baada ya miaka minane ifunguliwe yote na kuchunguzwa. Ukaguzi huo hausubiri treni iharibike.

Ushahidi zaidi tunaupata Jakarta, mji mkuu wa Indonesia. Mwaka 1976 nchi hiyo ilianza kupokea treni mpya za umeme kutoka Japani hiyo hiyo. Kadiri miaka ilivyopita, wakazi wakazizoea zikiwa na milango isiyofungika, na vijana wakisafiri juu ya paa. Kufikia mwaka 2013 ziliondolewa, na mabehewa mengi yakarundikwa moja juu ya jingine huko Purwakarta. Na ni zipi zilizokuwa zikiwabeba abiria wakati huo? Miongoni mwazo ni hizo 8500, zilizoanza kuwasili mwaka 2006 zikiwa zimekwisha kutumika. Upana wa reli, milimita 1,067, na umeme wa volti 1,500 vilikuwa sawa katika nchi zote mbili. Rika moja, asili moja, lakini zile zilizonunuliwa mpya zilikuwa chakavu, na zile kuukuu zikawa mkombozi!

Wapo watakaosema kwamba kununua vilivyotumika ni kuokota makombo ya tajiri. Hoja yao haina budi kuheshimiwa. Indonesia yenyewe, baada ya kuingiza zaidi ya mabehewa elfu moja ya Japani, ilikataa mwaka 2023 kuagiza mengine yaliyotumika, ikitaka viwanda vyake vipate kazi. Taifa lijitegemealo halina aibu. Hata hivyo, kiwanda cha nyumbani hakitamfaa msafiri iwapo karakana haina vipuri na fundi hana mafunzo. Treni mpya itatoka kiwandani leo, na kesho ikaenda kurundikwa Purwakarta.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mfanyakazi anayeamka alfajiri kuwahi treni haulizi imetoka wapi wala ina umri gani. Anachotaka ni ifike kwa wakati, mlango ufunge, na breki ishike. Haki hiyo haikatiwi utepe. Hulindwa kila siku na fundi aliye chini ya behewa, spana mkononi, mahali ambapo hakuna mpiga picha.