Bandha: Kufuli au Mfungo?

Istilahi za yoga aghalabu hutufikia zikiwa zimepitia Kiingereza, na njiani humo hupoteza mengi. Neno bandha la Kisanskriti, kwa mfano, hutafsiriwa kuwa "kufuli la nishati", nalo zoezi lenyewe husemekana kufagia fikra hasi, kana kwamba fikra ni taka za uani. Makala hii inadhamiria kuonyesha kwamba Kiswahili kina neno lililo karibu zaidi na asili.

Mzizi wa bandha una maana ya kufunga. Katika Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha Svatmarama kinachokadiriwa kuwa cha karne ya 15, bandha tatu zimeelezwa katika sura ya tatu. Mula, yaani shina, hukaza misuli ya sakafu ya nyonga. Uddiyana, jina lenye dhana ya kupaa, huvuta tumbo ndani na juu. Siku hizi hufanywa baada ya pumzi kutolewa yote. Jalandhara huinamisha kidevu hadi kifuani na kubana koo. Kwa mujibu wa mapokeo hayo, apana, ambayo kwa kawaida hushuka, hupandishwa ikutane na prana.

Prana ni pumzi, kisha uhai. Tukiiita nishati, mwanafunzi wa fizikia ataitafutia kipimo asikipate. Kwetu pia pumzi haiko mbali na moyo: aliyeondokewa na hofu hushusha pumzi.

Kufuli basi halifai. Hilo hutiwa mlangoni, mwenye nyumba akaenda zake. Kifungo nacho chatukumbusha shati, au jela. Napendekeza mfungo: mtu hujifunga mwenyewe, kwa muda maalumu, kisha hufungua. Waislamu wa pwani huuita mwezi unaofuata Ramadhani Mfunguo Mosi, na bandha vilevile hukazwa ili hatimaye ilegezwe.

Neno hili lina faida nyingine. Patanjali, katika Yoga Sutra, kazi iliyoitangulia Pradipika kwa karne nyingi, alitumia bandha hiyohiyo kufafanulia umakinifu: ni kuifunga akili mahali pamoja. Kuhusu fikra za ukatili na mfano wake hakushauri zifagiwe, bali mtu apalilie fikra iliyo kinyume chake. Pradipika kwa upande wake hufunza kuwa pumzi ikiyumba akili nayo huyumba. Kwa hiyo mfungo wa pumzi huandaa utulivu tu. Kazi ya kupalilia humbakia mtu mwenyewe.

Suala hili si la msamiati pekee. Asomaye "kufuli" yamkini atadhani kwamba kadiri anavyokaza ndivyo anavyofaidi. Mjamzito, mwenye shinikizo la juu la damu au mwenye glaukoma hapaswi kuzuia pumzi kwa namna hii, na hata mzima wa afya ajifunze mbele ya mwalimu, akianza kwa tumbo tupu na kwa muda mfupi.